Foleni ya Kashuga

Walikale kuna joto la msitu, joto linalolala nawe kitandani, na mimi nilizaliwa kwenye baridi. Mke wangu alilijua hilo, na kwa sababu hiyo ujumbe wake wa kwanza uliofika kwenye mashine ya depo haukuuliza kama nimefika salama. Uliuliza: "Papa, umeshaiva ao bado?" Nilimjibu kwamba nimeiva upande mmoja, wamebakiza kunigeuza. Yeye alikuwa Karuba, juu kwenye vilima vya Masisi, ambako asubuhi ukungu unakaa kwenye majani mpaka jua lipande sana. Mimi nilikuwa chini, karibu na mto Lowa, nikilinda ordinateri, yaani kompyuta, ya mtu mwingine. Kati yetu kulikuwa na barabara mbovu, misitu, na watu wenye bunduki ambao kila baada ya miezi walibadilika jina.

Patron wetu alikuwa mfanyabiashara wa upande wa Butembo, Mkatoliki asiyekosa misa, mwenye maduka na malori. Malori yake yalibeba maharagwe, viazi na jibini kutoka Masisi, yakarudi na mafuta ya mawese na ndizi kutoka Walikale. Alikuwa na depo, yaani maghala, Karuba, Walikale, Hombo na Goma. Alinichukua kwa sababu nilikuwa nimemaliza sekondari, sehemu ya biashara, na kwa sababu nilikuwa mtu wa kupanga vitu. Hakuna gunia lililokaa mahali pasipo pake mimi nikiwepo. Leo nasema hivyo bila kujisifu, kwa maana tabia hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Mke wangu alibaki Karuba kwa sababu ndugu zake walikuwa wafugaji, na ng'ombe hawahami kwa sababu bwana amepata kazi. Hatukujaliwa mtoto aliyeishi. Nililiona jambo hilo kama huzuni yetu sisi wawili. Sikufikiri vya kutosha kwamba kwa watu wake, kwa shangazi zake hasa, lilikuwa jambo lake peke yake, na kwamba mwanamke wa namna hiyo hana kitu kinachomshika kwa bwana isipokuwa neno la bwana mwenyewe.

Simu za mkononi zilikuwepo Goma, lakini kwetu minara ilikuwa haijafika, na mahali ilipofika ilizimwa mara kwa mara. Kwa hiyo Patron akamwomba binti wa dada yake, aliyesomea mambo ya ordinateri, atutengenezee njia ya kuzungumza kati ya depo na depo. Msichana huyo alikuja Walikale na lori, amefunga kitambaa kichwani kama mama wa sokoni, amebeba mashine kifuani kama anabeba mtoto. Sisi tulimwita Ingénieur, mhandisi. Tulichagua Walikale iwe na mashine kubwa, ile inayoshika foleni zote, kwa sababu misheni ilikuwa na turbine kwenye kijito na umeme haukukatika sana. Depo nyingine zilikuwa na mashine ndogo, paneli ya jua na kisahani cha satelaiti juu ya bati.

Alinifundisha tukiwa tumekaa juu ya magunia, sahani ya fufu na sombe katikati.

"Papa, programu yenyewe iko imefungwa," alisema. "Niliiandika kwa lugha ya Java, nikaipika, nikafunika. Hauwezi kufungua sufuria kila mara ju ya kuongeza chumvi. Sasa mimi niliweka chumvi inje. Hii fichier ya pembeni njo yako."

Akanifungulia faili dogo la maandishi, mistari michache tu. Kila mstari ulikuwa na neno, alama ya usawa, kisha maneno mengine. Mmoja ulisema *kituo.karuba=foleni/karuba*.

"Kushoto njo jina programu inajua. Hiyo usiguse. Kulia njo foleni neno litaenda kungojea. Programu inapoamka, inasoma hii kwanza, njo inajua itume wapi."

"Na ju ya nini haukuiandika mule ndani, tukamaliza?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini nyumba ina mlango. "Vita iko, Papa. Leo depo iko hapa, kesho iko fasi ingine. Nikiandika ndani, kila mara watu wanakimbia, itabidi mimi nipike upya. Patron ataniua."

Kisha akanieleza foleni. Ni kama mstari wa akina mama kwenye bomba la maji, alisema. Neno linaingia nyuma, linangoja. Msikilizaji akifika upande wa pili, lililotangulia linatoka kwanza. Msikilizaji akichelewa, iwe siku, iwe mwezi, hakuna linalofukuzwa, yote yanangoja kwa utaratibu. Nililipenda sana wazo hilo. Katika miaka ile hakukuwa na kitu kingine kilichongoja mtu kwa utaratibu.

"Tena sikia vizuri," aliongeza. "Ukibadilisha kulia huku kwako, lazima wale wa kule nao wabadilishe. Wao kwanza, wewe nyuma. Unasikia, Papa?"

Nilisikia. Nilikuwa nikimega fufu.

Kazi ilikwenda vizuri. Depo zilitangaziana mafuta yametoka, lori limekwama, maharagwe yameingia maji. Patron aliruhusu kwamba mwisho wa kazi kila mfanyakazi aweze kutuma neno la nyumbani, na watu wetu waliingia depo kama wanaingia kanisani. Nilipobonyeza kutuma, mashine ilifikiri kidogo, kisha ikaandika chini, kwa rangi ya kijani: *Imepokelewa*. Nililiamini neno hilo kuliko maneno ya watu wengi.

Huko Karuba mlinzi wa depo alikuwa Muhunde mmoja, mtu wa kabila la pale, rafiki yangu wa zamani, mtu wa mizaha isiyoisha. Yeye ndiye aliyemsomea mke wangu maneno yangu na kuandika majibu yake. Mara nyingi aliongeza yake. "Bibi yako amekuja na maziwa, nimekunywa yote, ni kodi ya mashine." Au alijifanya hajapata kitu: "Walikale, mumekufa? Hatuone neno!" Nami naandika: "Wewe njo umekufa, fungua macho." Kesho yake anacheka. Ndivyo alivyokuwa.

Mke wangu alikuwa akiniambia mambo ya kawaida. Ndama amezaliwa na doa usoni. Mvua ya mawe imepiga maharagwe. Jirani amefukuza mkwe wake, mkwe amerudi na mbuzi, jirani amepokea mbuzi na kumfukuza tena mkwe. Nilikuwa nikiyasoma maneno hayo taratibu ili yasiishe upesi. Nilitamani kusikia miguu yake ikija kwenye sakafu ya mbao. Walikale sakafu ilikuwa ya saruji, na hakuna mtu aliyekuja.

Kisha vita vikapanda mpaka Karuba.

Habari ilitufikia kwa wachukuzi kabla ya mashine: vijiji vimekimbia, nyumba zimeungua. Mashine ya Karuba ikanyamaza. Nilikaa mbele ya kioo kile siku nyingi kama mtu anayechunga sufuria isiyochemka. Hatimaye ukaja ujumbe wa rafiki yangu: wamefika Kashuga, wako kambini, ameibeba mashine mgongoni ndani ya gunia la mkaa, Patron ameagiza depo ifunguliwe hapo hapo, kwa kuwa wateja wamehamia hapo. Chini yake kulikuwa na neno la mke wangu.

"Niko muzima, Papa. Nyumba iliungua. Ng'ombe zilibaki kidogo. Nikuje kwako, ao utakuja?"

Nililia, kisha nikafuta macho, kisha nikafanya kazi. Na hapa ndipo nilipofanya lile nililofanya. Depo ilikuwa imehama Karuba, sasa iko Kashuga. Kwenye faili la pembeni, upande wa kulia, palikuwa bado pameandikwa karuba. Ilinikera, kama gunia la chumvi lililowekwa kwenye safu ya sukari. Nikafungua faili, nikafuta karuba, nikaandika kashuga. Nikaizima programu, nikaiamsha, ikasoma mstari mpya bila kulalamika. Nikafurahi kwamba nimefanya kazi ya Ingénieur bila Ingénieur. Ndipo nikamwandikia rafiki yangu: "Nimebadilisha foleni yenu, sasa inaitwa kashuga. Na wewe badilisha huko." Nikabonyeza. *Imepokelewa.*

Baada ya hapo nikamjibu mke wangu: "Kuja, Mama. Pitia Pinga pamoja na wabebaji wa mafuta, ni watu wazuri. Nitakungojea hapa." *Imepokelewa.*

Sikuona, na mtu mwenye akili ya mwanafunzi wa darasa la sita angeona, kwamba ile barua ya kumwambia abadilishe foleni nilikuwa nimeitia ndani ya foleni ambayo bado hakuijua.

Lakini kulikuwa na jambo kubwa kuliko hilo. Hata kama angepata habari, nadhani asingebadilisha, kwa sababu kwake yeye hakuna kilichohama. Watu wetu wanapokimbia, hawaachi jina la kijiji nyuma pamoja na kuta. Wanalibeba. Pale kambini Kashuga kila safu ya vibanda ilikuwa na jina la kilima ilikotoka, na safu yao iliitwa Karuba. Ukimuuliza mtoto aliyezaliwa pale unatoka wapi, alisema Karuba, akionyesha turubai. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa Walikale miaka na bado nilijiita mtu wa vilimani. Nilijua jambo hili tangu utotoni. Nilipokaa mbele ya faili, nilisahau kwamba jina ni la watu, nikalitendea kama kibao cha barabarani.

Barabara zilikuwa zimefungwa, malori yamelala, hakukuwa na mzigo wa kutangaza. Kwa hiyo hakuna biashara iliyoharibika na kutushtua. Yaliyosafiri yalikuwa maneno ya nyumbani tu, na ya kwao yalinifikia yote, kwa kuwa foleni ya Walikale sikuigusa.

"Papa, niliuliza kitu. Nikuje, ao utakuja?"

Nikadhani majibu yamepishana njiani. Nikajibu tena, kwa urefu. Nilimwambia seremala amenitengenezea kitanda kipana cha mti wa libuyu, kwamba amenicheka kwa kutaka kitanda kipana mtu mmoja, nikamwambia si mtu mmoja. *Imepokelewa.*

Rafiki yangu akaandika: "Walikale, mumelala? Hatuone kitu." Nikacheka peke yangu. "Wewe njo unalala," nikamjibu. Hata kambini hajaacha mizaha, nikawaza, Mungu amhifadhi.

"Wewe njo ulinizoeza kuongea na mashine," ukasema ujumbe wa mke wangu uliofuata. "Sasa mashine imekuwa bwana yangu, na wewe uko kimya."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa vibaya, na kila nilichoelewa vibaya kilikuwa na sababu nzuri. Kwa ukoo wake, mwanamke aliyerudi kwa ndugu zake hatumiwi neno. Anafuatwa. Bwana anakuja kwa miguu yake, anakaa nje mpaka atolewe kiti, anasema alichokuja kusema mbele ya watu. Nikawaza: kumbe ndiyo hivyo. Amepata maneno yangu, mashine imesema yamepokelewa, lakini hayakubali, kwa sababu ni ya mashine. Anauliza swali lilelile ili niaibike, niende. Na mimi nikaona uchungu. Nilikuwa nimemwita mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kazi nimuachie nani? Barabara si imefungwa?

"Kama miguu yako ni mizito, sema tu," nikaandika. *Imepokelewa.*

"Ndugu zangu wanaanza kuuliza," akasema yeye. "Nawaambia utajibu. Shangazi anacheka."

Nilisoma "shangazi anacheka" na nikamwona shangazi huyo, na meno yake, nikadhani ananicheka mimi. Nilikuwa nimekunywa kidogo kasiksi, lakini sitaki kuisingizia pombe ya ndizi. Nikaandika: "Bakia na ng'ombe za ndugu zako. Hizo njo watoto wako." Nikabonyeza upesi kabla mkono haujakataa. *Imepokelewa.*

Nilitaka kuirudisha mara hiyo hiyo. Mashine haina mkono wa kurudisha.

Neno lake la mwisho lilikuja baada ya muda. "Kimya nayo ni jibu. Nimesikia, Papa. Tunaenda na ndugu zangu upande wa Uganda na ng'ombe zenye zilibaki. Ukae vizuri. Usikale karibu na moto, utaiva."

Nililisoma neno *kimya* nikadhani maana yake ni kwamba sikwenda. Nikadhani ameondoka kwa sababu ya lile nililoandika juu ya watoto. Nikajibu kwamba anisamehe, kwamba ninakuja, angoje. Nikaandika hivyo asubuhi na jioni, mpaka nikaacha. Kila mara ile rangi ya kijani.

Barabara ilipofunguka, Ingénieur alikuja kukagua. Alikuwa ameolewa na kuzaa katika muda huo huko Butembo, na alimbeba mtoto mgongoni huku akiandika. Akafungua ukurasa wa mashine kubwa, ule unaoonyesha foleni zote, ukurasa ambao mimi sikuwahi kufundishwa kuufungua wala sikuuliza kama upo. Akaweka kidole juu ya mstari mmoja.

"Papa, hii foleni ya Kashuga iko ya nani?"

"Ya Kashuga."

"Nani aliiweka?"

"Mimi. Depo si ilihama?"

"Depo ilihama. Lakini foleni haiikale Karuba, Papa. Foleni zote ziko hapa, ndani ya hii mashine, chini ya hii meza. Ule kaka wa Karuba, hata akienda Kinshasa na mashine yake, akiwasha, anakuja kusikiliza hapa. Hapakuwa kitu cha kubadilisha."

"Mashine ilikubali. Iliandika imepokelewa."

"Imepokelewa na foleni," alisema, sauti imepungua. "Si na muntu. Hii mashine, ukiitajia foleni yenye haiko, haikatae. Inafungua mupya, inaanza kupokea. Mimi njo nilipaswa kukuambia hiyo. Angalia hapa. Wasikilizaji: hakuna. Hata mara moja."

Akanionyesha maneno yenyewe. Yalikuwa yamejipanga, la kwanza mbele, la mwisho nyuma, hakuna lililoruka mwenzake. Kuja, Mama. Kitanda cha libuyu. Miguu mizito. Watoto. Nisamehe, nisamehe, nisamehe. Yalikuwa chini ya meza yangu siku zote hizo. Nilikuwa nikipumzisha miguu juu yake.

Mtoto wake alianza kulia. Akamtingisha bila kugeuka. "Naweza kuzihamisha zote ziingie foleni ya Karuba. Kaka atazipata sasa hivi. Ao nazifuta. Unataka nini, Papa?"

"Unaweza kutoa moja?"

"Naweza." Hakuuliza ipi. Alikuwa ameisoma.

Alingoja, vidole juu ya mashine. Nikamwambia ziende zote, kwa utaratibu wake. Sikusema hivyo kwa ujasiri. Nilijua hayupo tena mtu wa kuzisikia, na kwa hiyo ukweli haukunigharimu chochote.

Hatukukaa sana. Rafiki yangu akaandika: "Walikale! Kumbe munaongea!" Ingénieur akamnyonyesha mtoto tukingoja amalize kusoma. Kisha: "Kaka. Hizi za bibi yako. Sasa nimusomee nani?"

Ingénieur alirudisha mstari ule ulivyokuwa. Ilimchukua muda mfupi kuliko kumfunga mtoto mgongoni.

Nilifanya kazi kwa Patron mpaka alipofunga depo za huko ndani. Nilirudi Karuba, nikajenga chumba pale palipokuwa na nyumba yetu, nikapanda viazi. Niliuliza habari za mke wangu kila siku ya soko la Mushaki. Wengine walisema yuko kambini Uganda, wengine walisema ndugu zake wamepata shamba la kukodi. Hakuna aliyesema amekufa, na hilo nililishika. Kuna jioni niliongea naye kwa sauti, nikimwambia habari za ukungu, za majirani. Nilikuwa na maneno mengi kuliko wakati nilipokuwa na mashine.

Kisha kaka yake mkubwa akaja kuangalia malisho ya zamani. Amezeeka kama mimi, anatembea na fimbo ileile ya mchungaji. Hakuingia ndani. Nikatoa viti viwili, tukakaa nje.

"Yeye yuko?" niliuliza.

"Yuko. Anaikala karibu na sisi. Peke yake."

"Hakuolewa?"

"Walikuja wenye kuuliza. Alisema yeye iko na bwana, ni mashine tu imemumeza." Akacheka kidogo, kisha akaona uso wangu, akaacha.

Nikamweleza mambo ya faili, ya kulia na kushoto, ya foleni isiyo na msikilizaji. Akanizuia kwa mkono.

"Tunajua. Ule rafiki yako wa mizaha tulikutana naye kwa soko ya ng'ombe, ni miaka sasa. Alinisemea yote, aliyashika kwa kichwa kama mashairi. Nami nikaenda kumusemea dada. Yote, ya kwanza mpaka ya mwisho."

"Hata ile…"

"Hata ile."

Ng'ombe wa jirani walipita, tukawangoja wapite.

"Alisema nini?"

"Ya kitanda alicheka sana. Aliniuliza libuyu ni muti gani, nikamwambia ni ya musituni, inadumu. Ile ya watoto, aliisikia mpaka mwisho. Alitoka inje, alikaa, akarudi." Alichora ardhi kwa fimbo. "Halafu akanituma nikuulize neno moja, siku nitakuona. Anauliza hivi: ile barabara ya Pinga, ilikuwa imefungwa kwa malori, ao kwa miguu?"

Akina mama walikuwa wakifika Walikale kila juma kwa njia hiyo, kamba ya mzigo kwenye paji la uso, bidoni la mafuta mgongoni. Walinunua chumvi depo kwangu. Mmoja alikuwa mjamzito. Mimi mwenyewe nilimwambia mke wangu apite njia hiyo, nikisema wabebaji wake ni watu wazuri. Kwa miaka mingi nilikuwa nimemweleza kila aliyekaa kunisikiliza habari ya mstari mmoja ulioandikwa vibaya, na watu walitikisa vichwa wakisema pole, ni mashine. Yeye, kwa swali hilo, aliiweka mashine pembeni. Kama foleni ingekuwa sawa, kama angepata kila neno, bado angekuwa mwanamke anayeitwa kutoka mbali na mtu aliyekaa.

"Nimwambie nini?" kaka yake aliuliza, akiinuka.

"Mwambie kwa malori tu."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea bei aliyoitegemea. Kabla ya kwenda alinipa namba ya simu ya jirani wa dada yake, iliyoandikwa kwenye kipande cha katoni. Akanieleza pia njia: gari mpaka Goma, lingine mpaka mpakani, kisha uulize.

Wiki hii nilishuka Goma kuomba karatasi ya kuvuka. Magoti yananisumbua, nilipanda ngazi za ofisi nikishika ukuta. Aliyenipokea alikuwa msichana mwenye miwani, mwenye haraka lakini si mkali.

"Papa, unaenda kwa nani?"

"Kwa bibi yangu."

"Anaikala kule tangu lini?"

"Tangu vita."

Akainua macho. "Anajua kama unakuja?"

"Hapana."

"Hauna namba yake?"

"Niko nayo."

"Sasa umupigie basi, Papa! Siku hizi simu iko kila fasi. Utasumbuka bure, kama hayuko?"

"Nitakaa inje, ningoje," nilisema.

Alinitazama kidogo, akaandika alichokuwa akiandika, akanionyesha benchi iliyo karibu na mlango. Nikaenda kukaa.